Je, Wajua? Kima Aliyeacha Moyo Mtini

Je, wajua kwamba kima wa Unguja ana ndugu zake Korea?

Kisa chenyewe wengi tulikipata utotoni, ama kwa bibi ama kwenye kitabu cha darasani. Kima na papa wamefanya urafiki. Mkuyu umesimama ufukweni, matawi mengine yako nchi kavu, mengine yameinamia bahari. Kima anakula kuyu na nyingine anamrushia mwenzake majini. Siku moja papa anamkaribisha kwao. Kima anapanda mgongoni, wanakata maji, na wakiwa kilindini papa anashindwa kuficha: sultani wa kwao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hapapatiki. Anamlaumu rafiki yake kwa upole kwamba angesema mapema, maana makima wakienda safari mioyo huiacha juu ya miti. Papa anageuza. Wakifika, kima anaruka tawini, anakwea hadi juu kabisa, na papa akiita kutoka chini anajibiwa kwamba si kila mtu ni punda wa dobi.

Papa hajui punda wa dobi ni nani, basi anasimuliwa. Punda alimtoroka dobi akaenda kunenepa mwituni. Simba alikuwa mgonjwa, akamtuma sungura amletee nyama. Sungura akamdanganya punda kwa habari ya ndoa. Mara ya kwanza simba aliruka vibaya, punda akampiga mateke akakimbia. Sungura akaenda tena, na punda, kwa ajabu ya mapenzi, akarudi tena. Safari hii hakutoka. Simba akaagiza awekewe moyo na masikio. Sungura akavila yeye. Alipoulizwa, alijibu kwamba punda huyu hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi.

Kisa hiki alikiandika Edward Steere, mmisionari Mwingereza ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar, kama alivyosimuliwa na watu wa Unguja. Kilichapishwa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, ndani ya kitabu kiitwacho Swahili Tales. Ukikisoma huko utadhani kimezaliwa Malindi ya Unguja, nyuma ya soko la samaki.

Kumbe kilikuwa kimeshakula chumvi nyingi. Kimo katika Panchatantra, mkusanyo wa ngano za Kihindi ulioandikwa kwa Kisanskriti zaidi ya miaka 1,450 iliyopita. Kule papa ni mamba, mtu anayetamani moyo si sultani bali mke wa mamba, na mti wenyewe ni jambu, mti ambao sisi tunauita mzambarau. Karne ya 6 mfalme wa Uajemi, Khosrow Anushirvan, alimtuma tabibu wake Burzoe kwenda Uhindi. Inasimuliwa kwamba alikwenda kutafuta majani yanayofufua wafu. Akaambiwa majani hayo ni vitabu, na wafu ni wajinga. Akarudi na ngano, akazitia katika Kiajemi cha zamani. Tafsiri yake imepotea. Kabla haijapotea, Ibn al-Muqaffa, Mwajemi aliyeishi Basra karne ya 8, aliigeuza Kiarabu na kuipa dunia Kalila wa Dimna, majina ya mabweha wawili ambao kwa Kisanskriti ni Karataka na Damanaka.

Kwa Kiarabu mamba akawa kobe, na mzambarau ukawa mtini. (Hapo Kiswahili kinajichekea chenyewe: kima wetu naye anadai ameuacha moyo mtini.) Unguja mtini ukawa mkuyu, ambao ni jamaa yake hasa, na kobe akawa papa, kwa sababu bandarini papa ndiye anayejulikana kwa meno. Mfua nguo hakubadilika. Yumo katika Kisanskriti, yumo katika Kiarabu, na kwetu akaingia kwa jina la Kihindi, dobi, jina ambalo mpaka leo limebandikwa milangoni mwa maduka ya kufulia. Mlaji wa moyo na masikio, kwa Wahindi na Waarabu, ni bweha. Waswahili hawakukubali. Ujanja wote wa mwituni ni wa sungura, na sungura akapewa kazi.

Wakati huo huo watawa wa Kibudha walikuwa wamekipeleka kisa upande wa pili, Uchina na mbele yake. Korea mfalme wa bahari anaumwa, dawa ni ini la sungura, na anayetumwa nchi kavu ni kobe. Sungura anajibu kwamba ini ameliacha nyumbani. Kisa hicho huimbwa na mtu mmoja akisindikizwa na mpiga ngoma mmoja, kwa saa kadhaa. Kinaitwa Sugungga, moja ya nyimbo-simulizi tano tu za aina hiyo zilizosalia kamili. Wajapani nao wanaye kiwavi wa baharini, yule mororo anayewasha waogaji: alitumwa kumleta kima, akaropoka siri njiani, akapigwa mpaka mifupa yote ikamtoka. Ndiyo maana hana mifupa.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni hili: Uhindi na Arabuni mwenye tamaa ya moyo ni mke. Unguja na Korea, miisho miwili ya safari, mke ameondoka na mfalme mgonjwa amekaa mahali pake.

Je, wajua kwamba Alaadini hakuwamo katika Alfu Lela Ulela?

Aliyemwingiza ni Mfaransa, Antoine Galland, na aliyempa hadithi hiyo ni kijana wa Aleppo aitwaye Hanna Diyab.

Galland alianza kuchapa tafsiri yake mwaka 1704 kutoka hati ya Kiarabu, ikapendwa Paris kupita kiasi, kisha hati ikamwishia. Wachapishaji walitaka juzuu nyingine. Mwezi wa Machi 1709 akakutana na Hanna, Mkristo wa Kimaroni aliyeletwa Ufaransa na msafiri mmoja aliyemwahidi kazi. Hanna alikuwa ameshafika hadi kasri la Versailles, akiwa amebeba tundu la panyabuku wa jangwani ili mfalme Louis wa 14 awatazame. Akamsimulia Galland hadithi zipatazo 16. Galland aliziandika kwa ufupi katika shajara yake, akachagua 10, akazipamba na kuzichapa. Miongoni mwake zimo Alaadini na taa yake, na Ali Baba na wezi 40. Hakuna hati ya Kiarabu iliyotangulia hapo yenye hadithi hizo mbili.

Katika kitabu kilichochapishwa jina la Hanna halimo. Kazi aliyoahidiwa hakuipata. Akarudi Aleppo akauza vitambaa. Uzeeni, miaka ya 1760, aliandika kumbukumbu za safari yake kwa Kiarabu cha mtaani. Daftari hilo, likiwa limepoteza kurasa za mwanzo, lilikaa katika maktaba ya Vatikano bila watu kujua ni la nani, hadi wataalamu walipolitambua mwishoni mwa karne ya 20. Waswahili walimsoma Alaadini katika Alfu Lela Ulela ya Edwin Brenn, iliyohaririwa na Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930. Yaani hadithi ya Mwarabu wa Aleppo ilipitia Ufaransa na Uingereza ndipo ikafika kwa watu waliokuwa wakifanya biashara na Waarabu kila msimu wa kaskazi.

Je, wajua kwamba Don Quixote inajidai kuwa tafsiri kutoka Kiarabu?

Cervantes, katika riwaya yake ya mwaka 1605, anafika mahali anasimamisha vita katikati, panga ziko juu, na kusema hadithi imemwishia. Kisha anaeleza kwamba siku moja sokoni Toledo alimkuta mtoto akiuza madaftari makuukuu yenye maandishi ya Kiarabu. Akayanunua kwa sarafu ndogo, akamtafuta Mwislamu aliyebatizwa amsomee, akagundua ndiyo hadithi yake, imeandikwa na mwanahistoria Mwarabu, Cide Hamete Benengeli. Mfasiri akakaa nyumbani kwake mwezi na nusu, na ujira wake ulikuwa zabibu, kama kilo 23, na vipimo viwili vya ngano.

Bila shaka ni mzaha. Ila miaka michache baadaye, kuanzia 1609, Hispania iliwafukuza watu wa jamii ya mfasiri huyo wa zabibu, na mzaha ukawa na ladha nyingine.

Karne tatu zikapita. Uchina alikuwako mwandishi Lin Shu, ambaye hakujua lugha yoyote ya kigeni, naye alitafsiri vitabu zaidi ya 150. Rafiki anayejua lugha alikuwa akimsimulia kwa mdomo, na Lin Shu anaandika kwa Kichina cha kale, kalamu ikikimbizana na mdomo. Alifanya hivyo na riwaya za Kifaransa, na Dickens, na hata zile za Rider Haggard, mtu ambaye sisi tunamjua kwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwaka 1922 ikatoka Don Quixote yake, iliyotokana na tafsiri ya Kiingereza. Na mwaka 2021 mtaalamu wa lugha ya Kichina, Alicia Relinque, akaitafsiri Don Quixote hiyo ya Lin Shu kwa Kihispania. Cervantes alijisingizia kuwa anatoka lugha ya mbali. Ilichukua miaka 416 uongo wake kuwa kweli.

Je, wajua kwamba Nyerere hakukosea alipoandika "Mabepari"?

Mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kabla yake, 1963, alikuwa ameshatoa tafsiri ya Julius Caesar. Shakespeare anamtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akamfanya wengi, na akamwita kwa neno ambalo wakati ule lilikuwa tusi la kisiasa. Wasomi wameandika mengi juu ya jina hilo, kwamba rais alikuwa akihutubia.

Huenda. Lakini shika neno lenyewe uligeuze. Bepari limetoka Uhindi, ambako vepari kwa Kigujarati ni mfanyabiashara, basi, bila kashfa yoyote. Lilishuka Zanzibar na Mombasa pamoja na wenye maduka, na maana ya mnyonyaji likaipata huku huku. Ukilirudisha kwao, Mwalimu ametafsiri neno kwa neno. Ukiliacha Dar es Salaam ya 1969, amehutubia. Sidhani alitaka tuchague.

Je, wajua kwamba fungate ni hesabu?

Hesabu hadi kumi polepole. Moja, mbili, tatu, nne, tano ni za Kibantu. Sita na saba ni za Kiarabu. Nane ya Kibantu, tisa ya Kiarabu, kumi ya Kibantu. Nguo yenye viraka vitatu.

Vilivyozibwa na viraka havijatupwa mbali. Sita ilikuwa tandatu. Mwulize Mnyarwanda, atakuambia gatandatu. Tisa ilikuwa kenda, na kenda bado iko vinywani mwa wazee wa pwani kama ilivyo kwa Wakikuyu. Saba ilikuwa mfungate. Neno hilo lingekufa kabisa kama si maharusi: siku saba za ndani baada ya ndoa ndizo fungate, hata kama leo wengine huimaliza kwa siku mbili na kurudi kazini.

Tatu ndiyo haikuguswa na mtu. Ni thathu kwa Kizulu, ssatu kwa Kiganda, ithatu kwa Kikuyu, misato kwa Kilingala. Kwa mifano kama hiyo Mjerumani Wilhelm Bleek, akifanya kazi Cape Town, aliweka lugha hizi katika ukoo mmoja karne ya 19 na kuupa jina Bantu, yaani watu. Mwingereza Malcolm Guthrie baadaye alizipa lugha hizo namba kama nyumba za mtaa. Kiswahili ni G42. Kiamu ni G42a, Kimvita G42b, Kiunguja G42d. Jaribu kumwambia Mwamu kwamba yeye ni herufi a, uone kama atakataa.

Je, wajua kwamba kitabu hakikuwa na ki-?

Kwa Kiarabu mzizi ni herufi tatu, k-t-b, na wingi wa kitab ni kutub. Mswahili alisikia ki- akadhani ni ile ya kiti na kisu, akatoa vitabu. Karne kadhaa baadaye Mwingereza akaweka kibao barabarani cha kuwaambia madereva wapite kushoto, na mzunguko wenyewe ukaitwa kipilefti, na viwili ni vipilefti. Mfano huo hupendwa sana na walimu wa isimu duniani, hata wale ambao hawajawahi kusubiri zamu yao kwenye kipilefti saa kumi na moja jioni.

Je, wajua kwamba wasiojua kusoma wamewahi kubuni maandishi?

Sequoyah, Mcherokee wa Marekani, hakusoma Kiingereza. Aliona wazungu wakizungumza na karatasi, akakaa miaka kama 12 akitafuta namna yake, na kufikia 1821 alikuwa na alama zipatazo 85, kila moja silabi. Miaka ya 1830, Liberia, Momolu Duwalu Bukele akabuni silabi za Kivai, na Wavai wakaandikiana barua kwa hati hiyo. Na katika wilaya ya Jiangyong, kusini ya Uchina, wanawake walikuwa na maandishi yao wenyewe, nüshu, ambayo mama alimfundisha binti na shoga akamtumia shoga aliyeolewa mbali. Wanaume kwa kawaida hawakuyasoma, na hawakushughulika.

Je, wajua kwamba mshairi Mjerumani Goethe alisoma riwaya ya Kichina?

Ilikuwa Januari 1827, mjini Weimar. Alimwambia katibu wake Eckermann kwamba zama za fasihi ya dunia zimefika na kila mtu azihimize. Alikuwa na haki ya kusema: miaka minane nyuma alikwisha kutoa diwani nzima kwa kumwitikia Hafez, mshairi wa Shiraz aliyekufa karne ya 14, ambaye alimsoma kwa tafsiri.

Maneno ya Goethe yalifika vyuo vikuu vya Ulaya, lakini "dunia" ya vyuo hivyo iliishia karibu. Tarehe 24 Oktoba 1968 wahadhiri watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka mfupi wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Hawakusema Shakespeare achomwe moto. Walisema Afrika iwekwe katikati, fasihi simulizi isomwe kama fasihi, na mataifa mengine yasomwe kwa kadiri yanavyotuhusu. Idara ya Fasihi ikazaliwa. Ngũgĩ mwenyewe baadaye alihamia lugha ya Kikuyu, na hadithi yake fupi Ituĩka rĩa Mũrũngarũ, iliyochapwa na kundi la Jalada mwaka 2016, imeshatafsiriwa katika lugha zaidi ya 100, nyingi zikiwa za Afrika.

Je, wajua kwamba Kiswahili kilifundishwa Berlin kabla ya karne ya 20?

Chuo cha lugha za mashariki kilifunguliwa huko mwaka 1887, na walimu wasaidizi waliletwa kutoka pwani. Mmoja wao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi yake: mtoto akizaliwa huitwaje, harusi huendaje, pepo hupungwaje, mgeni hukaribishwaje. Wasomaji wa Kiingereza walikipata mwaka 1981. Mtoro alioa Mjerumani, na alipojaribu kurudi naye nyumbani wakuu wa koloni walikataa mke ashuke. Wakarejea Ujerumani wote wawili. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Velten huyo huyo, mwaka 1901, alikuwa ametoa Safari za Wasuaheli, habari za watu wa pwani waliosafiri bara na misafara. Mmoja wa wasafiri hao ni Selemani bin Mwenye Chande. Kitabu kikakaa katika maktaba za Ulaya, kikisomwa na wanafunzi wa lugha wakitafuta viambishi.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja mwaka 1948 aliyehamia Uingereza akiwa kijana, alichapa Paradise mwaka 1994. Ni riwaya ya kijana Yusuf aliyewekwa rehani kwa tajiri kwa deni la baba yake, akapelekwa bara na msafara. Wahakiki wameonyesha jinsi sura za safari zinavyopokea kutoka kwa Selemani bin Mwenye Chande. Mwaka 2021 Gurnah akapata Tuzo ya Nobel, na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akaitoa riwaya hiyo kwa Kiswahili, chapa ya Mkuki na Nyota, kwa jina la Peponi. Habari iliyosemwa kwa Kiswahili, ikachapwa Ujerumani, ikaandikwa upya kwa Kiingereza, imerudi.

Mwanzoni mwa riwaya Yusuf anamwita tajiri Aziz kwa heshima ya ukoo, na Khalil, kijana mwenzake dukani, anamkemea kwamba huyo si ndugu yako, mwite Seyyid. Kiingereza kina neno moja tu hapo, uncle. Kiswahili kinauliza kwanza: ni kaka wa mama, au ni mdogo wa baba? Mjomba, ami, au baba mdogo? Mfasiri lazima achague kabla ya sentensi kuendelea, na mtu mwenyewe si mmoja kati ya hao.